Matofali ya Safu za Ndani

Habari niliipata kwenye foleni ya maji asubuhi ya Jumatatu, na haikunitoka tena kichwani. Jirani yangu muuza mkaa alisema ukuta umeanguka upande wa pili wa mji. Mwanamke aliyekuwa mbele yake akasema umemwangukia mbuzi. Ndoo yangu ilipojaa, mbuzi alikuwa amekuwa ng'ombe, na nilipofika nyumbani binti yangu alinieleza kuwa ni mlinzi pamoja na baiskeli yake.

"Wanasema matofali yalikuwa yanamomonyoka kama biskuti kwenye chai," muuza mkaa aliniambia huku ananitazama kwa jicho la pembeni. "Sisemi ni yako, shoga. Nasema nilichosikia tu."

Nilijua si yangu, maana sijawahi kuuza upande ule. Lakini mtu anayefyatua matofali akisikia ukuta umeanguka, hata chakula hakipiti.

Kazi yangu ni kufyatua matofali ya saruji nyuma ya nyumba. Masomo yangu yaliishia darasa la saba, na kazi hii nilifundishwa na marehemu shangazi yangu. Ninayo fomu moja ya chuma ya kufyatulia, koleo mbili, toroli na mikono yangu. Wakati huo nilikuwa nimepewa kazi ya matofali mia nne ya kujengea vyoo vipya vya shule ya msingi, shule ile ile anayosoma binti yangu. Vyoo vya zamani vilikuwa vichache, mpaka kengele ya kuingia darasani iligongwa wakati watoto wadogo wangali wamepanga mstari wakibana miguu.

Binti yangu ana miaka kumi na miwili. Tunamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Anaongea akila, anaongea akifua, na dada yake anasema hata usingizini anaongea. Nilimpa jukumu moja tu: amwagilie matofali asubuhi kabla ya kwenda shule na jioni akirudi, kwa siku saba.

Watu wengi hudhani tofali la saruji hukomaa kwa jua. Sivyo. Tofali linatakiwa linywe maji taratibu wiki nzima, chini ya magunia yaliyolowa, ndipo ligumu. Likikauka haraka, linabaki na sura ya tofali, lakini ndani ni mchanga.

Nilimwambia Chiriku, "Nikipita nikute yamelowa." Nayaandika maneno hayo kama nilivyoyasema, kwa sababu kosa langu limo humo.

Matofali yalipangwa safu sita, kuanzia mlango wa nyuma hadi kwenye ua wa jirani. Kila jioni nilichungulia mlangoni, nikaona magunia ya mbele yanachuruzika maji, nikarudi jikoni. Baada ya kusikia habari za ule ukuta nilichungulia mara tano kwa siku.

"Umemwagilia?"

"Nimemwagilia."

"Vizuri?"

"Vizuri, mama."

Chiriku kujibu kwa neno moja ni kama jogoo kutaga yai. Ningeshtuka hapo hapo, lakini nilikuwa nimeshughulika na hofu ya ukuta wa watu wengine.

Jumamosi asubuhi fundi mwashi alikuja na lori na vijana wawili wa kupakia. Huyu fundi tunamwita Timazi, kama ile kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta, kwa sababu hawezi kuvumilia kitu kilichopinda. Siku aliyokwenda kuposa, kabla hata ya kuwasalimia wakwe, aliinyoosha kwanza picha iliyoning'inia upande ukutani.

"Shikamoo, fundi," Chiriku alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo umeishia hapo? Umemeza kufuli?"

Chiriku akatazama miguu yake.

Fundi alichukua tofali moja la safu ya kwanza, akaligonga kwa mpini wa mwiko. Likalia vizuri, kama chungu kizima. Akaliinua hadi kifuani, akaliachia chini. Halikuvunjika. Akajaribu la pili, nalo likawa zima.

"Mama Chiriku, haya ndiyo matofali," alisema. "Wiki iliyopita nilikwenda kwa bwana mmoja, tofali likazimia kabla sijaliangusha."

Tukacheka, na vijana wakaanza kupakia. Moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Hapo nikahisi mtu ananivuta nguo kwa nyuma.

"Mama, vyoo vya wasichana vitajengwa kwa matofali yapi?"

"Si haya haya?"

"Ya safu ipi?"

Nilimtazama usoni, nikaelewa. Sitawaficha, watoto mnaosoma haya. Fundi alikuwa amesharidhika, lori liko uani, na mimi nilitamani binti yangu anyamaze. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Acha yapakiwe kwanza, tutaongea baadaye."

Chiriku alisimama kidogo akitafuna kucha. Halafu akaniacha, akamwendea fundi mwenyewe.

"Fundi, naomba uangushe la safu ya nne."

Timazi akafunua gunia la safu ya nne. Lilikuwa kavu, likatoa vumbi. Alichukua msumari akakwaruza tofali, mchanga ukamiminika. Alipoliangusha, halikupasuka vipande viwili. Likawa rundo la mchanga.

Vijana wakaacha kupakia.

"Nani alikuwa anamwagilia?" fundi akauliza.

"Mimi," Chiriku akasema. "Nilimwagilia yale ambayo mama anayaona akisimama mlangoni. Pipa liko mbali na safu za ndani, na wenzangu walikuwa wananisubiri tukaruke kamba. Nilifikiri magunia yatatosha. Halafu nikasikia habari za ule ukuta, nikaogopa kusema. Kwenye vyoo vile wataingia watoto wa darasa la kwanza."

Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini alisema mpaka mwisho. Fundi akaketi ukingoni mwa toroli.

"Unafikiri ningegundua?"

"Sijui."

"Nisingegundua. Nina miaka ishirini katika kazi hii, na safu ya mbele imenidanganya." Akanigeukia. "Na wewe, mama, ulimwagiza nini hasa?"

Nikamwambia nilivyomwagiza.

"Basi mtoto alitii. Ulitaka ukipita uyakute yamelowa, ukayakuta."

Niliuliza kama tukiyamwagilia sasa yatapona. Akatikisa kichwa, akasema saruji iliyokauka kwa kiu haifufuki. Tukayapima yote, moja baada ya jingine, hadi adhuhuri. Mia moja na themanini yalikuwa mazima. Yaliyobaki tuliyaponda yawe kifusi cha chini ya sakafu, na mimi nikafyatua mengine. Fundi alianza msingi na yale mazima, na vyoo vikachelewa wiki mbili. Shuleni wengine walinung'unika, na msichana mmoja alimtania Chiriku kwa kumwita "Gunia Kavu".

"Gunia kavu litakuletea ndoo kesho," Chiriku alimjibu. "Njoo utusaidie kumwagilia."

Kweli alikuja, na wale wa kuruka kamba wakaja. Walipanga mstari kutoka kwenye pipa, wakapokezana ndoo, wakianza na safu ya mwisho kule kwenye ua wa jirani. Chiriku alirudiwa na mdomo wake, akaongea siku saba bila kupumzika. Nami kila jioni nilipita katikati ya safu, nikatia mkono chini ya kila gunia.

Vyoo vilipofikia kupauliwa, fundi aliwaita wanafunzi wausukume ukuta kwa mikono. Walisukuma kwa nguvu zote, wakacheka. Kisha akawaambia:

"Kazi nyingi za ujenzi hufichwa. Msingi hufukiwa, nondo humezwa na zege, ukuta hupigwa lipu. Anayejua ukweli ni yule aliyefanya kazi. Kwa hiyo ukikosea, sema mapema. Huyu mwenzenu alisema kabla hatujajenga, na hasara yetu ikawa matofali tu."

Nimeandika haya ili yasimkute mtoto wa mwingine. Epukeni mambo yafuatayo:

Usikaushe tofali la saruji kwenye jua bila kulimwagilia, hata kama mwenye nyumba ana haraka.

Usimalize sehemu inayoonekana ukaacha isiyoonekana.

Usijibu "vizuri" kuhusu kazi ambayo hukuimaliza.

Usicheze chini ya ukuta mbichi, wala usipande juu ya matofali yaliyopangwa.

Ukikosea, usingoje mtu mwingine agundue.

Mzazi, usikague kazi ukiwa mlangoni.

Na mtoto akisema ukweli mbele ya watu, usimwambie anyamaze.