Muntu wa Bluu pa Ngazi

Samedi, ile Jumamosi, saa kumi na moja ya mangaribi, giza ya mwezi wa kumi na mbili ilikuwa imekwisha kuingia Schaerbeek, hapa Bruxelles. Bwana yangu Amissi alikuja kunichukua kazini. Si angepiga tu klakson kule inje! Lakini hapana, akaingia. Amissi na adabu yake ya kwetu Uvira, Congo…

Mimi Rolande, kazi yangu ni kutoa makaro, vile vigae vya zamani vya kuta, bila kuyavunja. Ile nyumba ilikuwa ya mufanyabiashara Mureno, alikufa siku nyingi. Mwenye kuirithi aliniambia: toa makaro ya pa ngazi, sababu lundi, Jumatatu asubuhi, mashine inabomoa yote.

Pa ngazi palisimama muntu wa makaro, murefu kama muntu muzima, bluu juu ya nyeupe. Kofia kwapani. Mukono mumoja unaonyesha juu.

"Ni nani huyu?" Amissi akauliza.

"Wareno matajiri wa zamani walikuwa wanachora muntu pa mulango, apokee wageni. Huyu walimuleta kutoka Ureno, anakaribia myaka mia tatu. Na lundi mashine itamuvunja."

Akacheka. "Ah bon? Alors tumusalimie. Hodi, tonton!"

"Amissi, acha muchezo."

"Hodi! Hodi!"

Mara tatu, kama kwetu.

Harufu ya udongo mubichi ikapanda. Kisha, kutoka juu, sauti ya polepole:

"Karibu…"

Nilimuvuta mukono. "Twende. Kule juu hakuna muntu, nilifunga mwenyewe."

"Wamenikaribisha, Rolande. Nigeuze mugongo namna gani? Ni haya."

Akapanda. Nilisikia viatu vyake. Étage, ghorofa ya kwanza. Ya pili. Ile nyumba iko na étage mbili tu, Mungu wangu, lakini viatu viliendelea kupanda… kupanda…

Kimya.

Nilikimbia juu. Vyumba vyote vitupu. Kwa dirisha niliona muntu anatoka pa mulango, kofia kwapani, koti ya Amissi mwilini. Alimusalimia maman mumoja wa jirani, akapotelea pa kona.

Nilishuka mbio. Pa ukuta, muntu wa bluu alikuwa bado. Ila uso…

Pengo la jino la mbele. Pengo la Amissi.

Nilishika patasi na nyundo. Nitamutoa karo moja moja, nikasema, nitamurudisha nyumbani. Nilianza pa kiatu. Karo ikalegea.

"Aïe! Rolande, unaniumiza!"

Nyuma ya ile karo kulikuwa joto, na maji maji. Niliipaka simiti, nikairudisha mbio nikilia, nikaishikilia kwa mikono mbili mpaka simiti ikakamata.

Leo ni dimanche, Jumapili. Nimemupigia mwenye nyumba simu hata sijui mara ngapi. "Madame, mashine imekwisha kulipwa. Kesho lundi, saa mbili asubuhi." Polisi? Niwaambie nini, watanipeleka kwa wazimu. Nimesukuma kabati pa mulango, nimeketi chini, nimeegemea miguu ya Amissi pale ukutani. Ninaogopa, nawaambia kweli. Ninaogopa sana.

Sasa hivi ameniuliza, kwa sauti ndogo:

"Rolande, kesho ni siku gani?"

Tangu tuoane sijamudanganya hata siku moja.

"Mercredi, chéri," nikamuambia. "Lundi ilikwisha kupita. Lala."