Maji ya Jumapili

Kila Jumamosi jioni, nyumbani kwa akina Sinyati kule Moshono, kila mtu alijua kazi yake. Mama yake, Nalepo, alitia makaa kwenye pasi na kunyoosha nguo za kanisani. Sinyati, msichana wa miaka kumi na miwili, alifagia uwanja, akafunga mbuzi, kisha akasugua miguu yake kwa jiwe mpaka itakate. Baba yake, Sakaya, alichukua jembe akashuka mferejini kuziba mlango wa maji wa shamba lao kwa magome ya migomba na udongo.

Kazi hiyo ya baba ilikuwa na sababu yake. Mfereji ule ulichimbwa na wazee, ukatoa maji Mlima Meru na kuyapitisha mashambani, na kila nyumba ilikuwa na siku yake ya zamu. Jumapili haikuwa na mwenyewe. Wakristo wa kwanza wa pale walikubaliana kwamba siku hiyo milango yote izibwe, maji yashuke moja kwa moja mpaka chini, kwenye mashamba ya wajane na watu wasio na wa kuwashikia jembe. Kwa hiyo watu walipokuwa wakiimba kanisani, maji yalikuwa yakiteremka yenyewe kwa Koko Nkasiogi, bibi mjane aliyeishi mwisho wa mfereji. Hakuna aliyeyalinda. Ingekuwa aibu hata kufikiria mlinzi.

Hizo zilikuwa enzi za Mwingereza, miaka ile bei ya kahawa ilipopanda. Watu wenye kahawa walianza kuzitazama nyumba zao za nyasi kwa jicho baya. Mjini Arusha, mbele ya duka la Noordin, mabati mapya yalipangwa yakang'aa juani, na Sakaya hakupita pale bila kusimama na kuyapapasa. Kutamani bati si kosa, maana nani anapenda kuvujiwa? Matatizo yalianza mwaka ule mvua za vuli zilipokatika mapema na majani ya kahawa yakaanza kulegea.

Jumapili moja asubuhi, Sinyati akiwa amekwisha vaa gauni lake, baba yake alimwita nyuma ya nyumba.

"Leo hutakwenda kanisani. Tutasema tumbo linakuuma."

"Haliniumi, Baba."

"Najua. Ukisikia tumeanza kuimba, zibua mlango, maji yaingie kwenye kahawa. Ukisikia wimbo wa mwisho, uzibe kama ulivyokuwa."

"Lakini hayo ni maji ya Koko."

"Koko ana vijituta vyake vya maharage tu. Maji yote yale ya nini? Nenda mwanangu, kahawa inakufa."

Sakaya hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa, ndiye aliyepitisha kikapu cha sadaka, na hilo ndilo lililomchanganya Sinyati. Yeye alikuwa katika darasa la kipaimara na amri zote alizijua kwa moyo. Moja ilimwambia amheshimu baba yake, nyingine ilimkataza kuiba. Hakuna aliyewahi kumfundisha afanye nini siku amri hizo mbili zitakapogombana. Alimtii baba yake, na siku nzima alijisikia vibaya.

Jumapili iliyofuata aliumwa tena. Na ile nyingine, akiwa ndani ya mfereji, alimwona Aikaeli, mtoto wa jirani waliyesoma naye kipaimara, amekunja suruali na kushika jembe.

"Wewe unaumwa nini?" Sinyati alimwuliza.

"Jino. Na wewe?"

"Tumbo."

"Nanyori ana homa," Aikaeli alisema, akionyesha shamba la juu yao. "Nimemwacha kule anazibua."

Walicheka, lakini kicheko hakikudumu.

"Sasa Koko anabaki na nini?" Sinyati aliuliza.

"Tope," Aikaeli alijibu, akainama kuendelea na kazi.

Kanisani, Mwinjilisti Solomoni alikuwa akihubiri juu ya maadili yanayoporomoka. Alihubiri kwa uchungu hasa. Aliwataja vijana wanaolewa pombe kule Sakina, watu wanaokesha wakicheza gramafoni mjini, mabinti wasiosalimia wakubwa. Alisema dunia inaharibika, na uharibifu wenyewe unapanda mlimani kwa barabara ya Nairobi. Wazee waliitikia kwa vichwa, Sakaya mmojawao. Kisha mwinjilisti aliwaombea watoto wagonjwa, akiwataja kwa majina.

Ugonjwa ule ulimtia wasiwasi kweli. Uliwaangusha watoto Jumapili, na Jumatatu darasa likajaa tena. Mwisho aliamua ni minyoo. Alipita nyumba kwa nyumba na chupa ya mafuta ya mbarika, na kwa Sakaya alimimina kijiko kikajaa. Sinyati alimtazama baba yake. Baba yake alikuwa akitazama sakafu. Sinyati akameza, na kesho yake tumbo likamuuma kweli.

Wiki hiyo Nalepo alirudi kutoka kwa Koko Nkasiogi akiwa amenyong'onyea. Aliweka kikapu chini bila kukifungua.

"Maharage yake yamekuwa ya njano," alimwambia mumewe. "Yakikauka atahama, akaishi kwa wifi yake kule Momela. Hawapatani, unajua mwenyewe. Tangu aolewe hajalala penginepo."

"Mvua itanyesha," Sakaya alisema.

"Anasema Mungu amelifunga shamba lake. Siku nyingine anaona wenzake wanapata maji, siku yake hakuna. Ameniuliza, ati, 'Nalepo, nimemkosea Mungu nini?' "

Sakaya alitoka nje. Sinyati alibaki na mama yake, na wote wawili waliona aibu hata ya kutazamana.

Jumapili ilipofika, baba alilitazama tu jembe, akatangulia kanisani. Sinyati alishuka mferejini, akapachika pindo la gauni kiunoni na kuzibua mlango. Maji yaligeuka yakaingia kwenye kahawa. Alikuwa amesimama mle maji yakimfika magotini, alipoisikia fimbo ikigonga mawe ya njiani.

Alikuwa Koko Nkasiogi, amejifunga shuka lake la kanisani, na mkononi ana kibuyu.

"Mwinjilisti amekutaja tena kwenye sala," alisema huku akihema kwa kupanda. "Nikashindwa kukaa. Jumapili zote hizi mtoto mgonjwa, nami sijaja kukuona. Nimekuletea maziwa."

Sinyati alifanya kile alichozoea tangu utotoni. Aliinamisha kichwa ili mkubwa wake amguse.

"Shikamoo, Koko."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Koko aliweka kiganja utosini mwake, kama wazee wote wanavyowasalimu watoto. Lakini safari hii hakukiondoa. Alikishusha mpaka kwenye paji la uso, akakiacha pale.

"Huna homa," alisema.

 Koko aliitazama miguu ya Sinyati ndani ya maji. Akalitazama jembe, kisha mistari ya kahawa iliyokuwa inalowa. Hakumkaripia. Alikaa chini kwenye ukingo wa mfereji, fimbo yake magotini.

"Kumbe si Mungu," alisema polepole.

Sinyati alilia. Alilia kwa sauti bila kujificha, kwa sababu maneno yale yalimuuma kuliko kiboko.

"Nisamehe, Koko."

"Nilikuwa nalala njaa nikitubu," Koko alisema. "Kila dhambi ya ujana wangu nimeitubu. Nikaishiwa, nikaanza kutubu za marehemu mume wangu." Akakisogeza kibuyu. "Haya, kunywa maziwa yako."

"Siwezi."

Badala yake Sinyati alishika jembe. Aliuziba mlango, akaushindilia udongo kwa visigino mpaka maji yakarudi njia yake na kuanza kuteremka. Kisha akampa Koko mkono kumwinua.

"Twende kanisani, Koko. Nataka kusema."

"Utamwaibisha baba yako."

"Sitamtaja."

Waliingia wakati wa sadaka. Sakaya alikuwa katikati ya kanisa na kikapu chake. Watu waligeuka kuona tope lililomfika Sinyati magotini, lakini Mwinjilisti Solomoni aliona mtoto aliyesimama kwa miguu yake.

"Tumshukuru Mungu," alisema kwa furaha. "Sinyati amepona."

"Sikuwa naumwa," Sinyati alisema.  "Nilikuwa mferejini. Hata zile Jumapili nyingine. Nilikuwa nayaelekeza maji ya Koko shambani kwetu."

 Mzee mmoja wa mbele alishusha pumzi. "Watoto wa siku hizi," alisema, na wengine wakaguna kumuunga mkono. Aikaeli na Nanyori walikuwa mashambani bado, na wazazi wao walikuwa wakitazama viatu vyao.

Sakaya angeweza kunyamaza. Mtoto hakumtaja, na watu walikwisha pata wa kumlaumu. Sinyati alisimama peke yake na matope yake, akingoja, wala hakumtazama baba yake. Sakaya aliweka kikapu cha sadaka juu ya benchi.

"Mtoto huyu amenitii," alisema. "Nilimtuma mimi. Hata huo uongo wa tumbo nimeutunga mimi."

 Kisha mama yake Aikaeli alisimama upande wa wanawake, akasema jino la mwanawe ni zima. Baba yake Nanyori naye alisimama, akabaki amesimama tu.

Mwinjilisti Solomoni alitoka nyuma ya meza yake akaja kusimama karibu na Koko. Alionekana amezeeka ghafla.

"Nimekuwa nikiwaombea watoto wenu wapone, na wagonjwa ni sisi," alisema. "Kila Jumapili nimewanyooshea kidole watu wa mjini. Nimesema uharibifu unapanda kwa barabara. Kumbe umeanzia huku kwetu juu, tena saa ya ibada. Kahawa si dhambi, wala bati si dhambi. Lakini tumewafundisha watoto kwamba maneno ya kanisani huishia mlangoni. Tukiendelea hivyo, tusimlaumu Mwingereza wala gramafoni kesho watoto hawa wakitushinda." Akamgeukia Sinyati. "Mzazi akikutuma kazi, nenda. Akikutuma kuiba au kusema uongo, kataa kwa adabu, kisha uje kwangu. Sitakupa mafuta ya mbarika tena."

Watu wachache walicheka. Sakaya hakucheka.

Sehemu kubwa ya maharage ya Koko haikupona. Sakaya alivuliwa uzee wa kanisa kwa muda, akakubali bila kubisha. Zamu yake ilipofika, alipita na jembe mbele ya shamba lake mwenyewe, akauacha mlango wake umezibwa, akayafuata maji mpaka chini kwa Koko. Sinyati, Aikaeli na Nanyori walikuwa kule wakipanda matuta upya. Baadhi ya kahawa ya Sakaya ilikauka, na mwaka ule mabati yalibaki dukani kwa Noordin. Koko Nkasiogi hakuhamia Momela.

Walipomaliza, Koko alimwita Sinyati mlangoni kwake. Sinyati aliinamisha kichwa, na safari hii kiganja kiligusa utosi na kuondoka.

"Lile tumbo linaendeleaje?" Koko aliuliza.

"Limepona, Koko."

"Basi kaa unywe maziwa. Siku ile uliyaacha."