Mji wa Baba Kwenye Gemu

Alijiita Mhifadhi, na ukimwita fundi ananuna. Kwenye kibanda chake, katikati ya ukumbi wa maduka ya simu, alikusanya nyongeza za magemu ya zamani: magari, ramani na miji iliyotengenezwa na mashabiki, kisha kampuni zikazitelekeza. Alizirekebisha zikubali kwenye kompyuta za leo, akaziweka mtandaoni. Kazi nzuri kabisa. Tatizo ni mwenyewe.

Mwisho wa mwezi mmoja, watu wamebanana, mshona mapazia alimkanyaga mguu.

"Samahani, kaka."

"Kwa macho hayo, kanyaga na huu mwingine."

Dada akacheka. Gauni la kijani, utepe wa kupimia shingoni, na mkononi diski imeganda vumbi na gundi. Marehemu baba yake, mwalimu wa hesabu, alitengeneza mji mzima ndani ya gemu la mbio za magari, akatia na sauti yake. Nakala ilikuwa hiyo moja tu, na haikufunguka tena.

"Niachie, mpenzi."

"Mpenzi tangu lini?"

"Tangu uliponikanyaga."

Miezi miwili ikawa laazizi asubuhi, kipenzi mchana, mpaka muuza chaja wa jirani akachoka nao. Mji ukafunguka. Dada, kwa furaha, akamtumia ujumbe: "Kabla hujanirudishia diski, ifute vizuri."

Mtu yeyote aliyelelewa na mama angechukua kitambaa. Bwana Mhifadhi akafuta kila kilichomo, akairudisha nyeupe pee, anasubiri busu.

"Umefuta nini?" aliuliza dada kwenye simu.

"Ulisema nifute."

"Vumbi. Nilisema vumbi."

Akazima simu, akalia kama siku ya msiba.

Sasa sikia uungwana wa Bwana Mhifadhi. Nakala ilikuwepo. Mwezi mzima mji ule ulikuwa mtandaoni, maelfu wanausifu, na penye jina la mtengenezaji yeye kaandika "Mhifadhi". Kuurudisha ni kukiri wizi. Alipima siku sita, mwenzake analia. Siku sita!

Ya saba akaenda dukani kwa dada, shati limepigwa pasi, pete mfukoni, akamfungulia ukurasa wa mji ule mtandaoni.

Dada akausoma wote. "Jina la baba liko wapi?"

"Nilikuwa nataka ku..."

"Liweke. Hapa hapa, nakuona."

Akaliweka. Akawaandikia mashabiki kwamba aliiba, jasho likimtoka. Dada akafungua gemu. Gari jeupe, barabara tupu, na mzee akasema, "Kata kushoto, mwanangu. Taratibu."

Dada akacheka huku machozi yanamtiririka. Bado alimpenda mwanamume yule, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

"Basi yameisha," alisema Mhifadhi, akitoa pete. "Sasa sisi..."

"Sisi nani?" aliuliza dada, macho kwenye barabara ya gemu.