Bangili Kutoka Kakuma

— Baba Erupe, hiyo bangili umevishwa na nani?

Ekeno akaficha mkono wa kulia nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyeiba sukari.

— Nimepewa Kakuma.

— Na nani?

— Nakaale, nimechoka. Niache nilale.

Hata mimi nilikuwa nimechoka. Kwetu Turkana, mwanamume akirudi na bangili mpya, kuna mwanamke aliyemvisha. Na mimi nimemzalia Ekeno watoto watatu hapa Lodwar, naye hajalichoma mkuki dume la ng'ombe la harusi. Bila hilo dume, watoto ni wa baba yangu. Kila mwaka ana sababu: ukame, mafuriko, mguu unauma.

Asubuhi ujumbe ukaingia kwenye simu yake: "Leo usiivue mapema. Nakungoja Jumatano. Sirad."

Nikapiga magoti. "Mungu wangu, nipe maneno, uniondolee matusi." Kisha nikapiga ile namba.

— Wewe Sirad, unamvisha mume wangu bangili kama nani wake?

Akacheka kwa upole.

— Mama, mimi ni wa kliniki ya Kakuma. Hiyo ni mashine. Inatuma umeme kidogo kwenye neva za mkono, ili kutetemeka kupungue.

— Kutetemeka gani?

— Hajakuambia? Ee, mama, basi nimeropoka. Ana ugonjwa wa Parkinson. Hata dawa anakunywa.

Nikakaa chini. Kikombe anakishika kwa mikono miwili. Vifungo vya shati namfungia mimi. Nilidhani ni kudeka.

— Itamponya?

— Hapana. Wengine inawatuliza kwa muda, wengine haiwasaidii. Yeye inamsaidia kiasi. Kila akija anauliza kama ataweza kushika mkuki.

Nilimkuta Ekeno nje, ameegemea ukuta.

— Nimeongea na Sirad wako.

Akainamisha kichwa.

— Ungeniambia, baba Erupe.

— Nikuambie nini? Nikilichoma dume vibaya, watu wa kwenu watanicheka mpaka kule mpakani Todonyang.

— Wacha wacheke. Nilipokuwa nalia peke yangu kwa kukosa harusi, nani kati yao alikuja kuninyamazisha?

Jioni alimpigia baba yangu simu mwenyewe, wapange harusi.

Harusi ikafanyika kwetu Kataboi. Ekeno akavaa mashine yake mbele ya watu wote, akainua mkuki. Mkono ukatetemeka, kidogo tu, lakini ukatetemeka. Mkuki ukateleza ubavuni mwa dume.

— Shemeji, unachoma ama unamkuna? dada yangu Akuwam akapayuka.

Boma zima likacheka. Ekeno naye akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kusikia kicheko chake. Nikasema kimoyomoyo, "Bwana, mshike."

Mara ya pili dume likapiga magoti.

Baba akachota majani ya tumboni mwa dume, akatupaka kifuani sote wawili kutubariki.

— Ekeno, sasa chukua watoto wako.

— Nitawachukua, baba. Ila kwanza naomba nikae chini.