Nilishuhudia Sahihi Ambayo Sikuiona

"Mheshimiwa Jaji, shahidi wetu wa kwanza yumo humu ndani. Ni wakili wa mlalamikaji."

Wakili wa mlalamikaji ni mimi...

Naombeni msinitukane kabla hamjafika mwisho. Mkifika, tukaneni tu, haki yenu.

Nilikuwa nimesimama na kalamu mkononi, joho jeusi limenikaa vizuri, nimejiandaa kumchachafya mtu. Miaka tisa nasimamia kesi za biashara, na mitano ya mwisho karibu zote zilikuwa za umeme wa jua na upepo. Huko nilikuwa na jina. Na nilikuwa najisikia, sitaficha.

Aliyeniita ni Senior. Ndivyo tulivyomwita ofisini kwake, nilipoanza kazi nikitoka chuo. Ndiye aliyenifundisha hata jinsi ya kusimama mbele ya jaji. Siku hiyo alikuwa anaitetea kampuni ya umeme wa jua.

Mteja wangu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama wa miaka sabini na mbili, si mtu wa kucheka ovyo. Nilimwita Mwalimu. Aliikodishia kampuni shamba lake waweke paneli kwa miaka ishirini, halafu lirudi kwa wajukuu zake. Baada ya miaka minane kampuni ikatoa karatasi nyingine, nyongeza ya mkataba yenye tarehe ya mwaka uleule wa kwanza: si ishirini tena, ni tisini na tisa.

"Hiyo sijawahi kuisaini," aliniambia siku ya kwanza. Nilimwamini.

Nakala waliyotupa ilikuwa mbovu. Ukurasa wa mwisho, pale panapokaa jina la shahidi wa sahihi, palikuwa na doa jeusi tu. Niliomba karatasi yenyewe mara tatu, wakanizungusha mara tatu.

Sasa Senior akaitoa kwenye bahasha. Karani akaniletea. Nikaangalia chini.

Mhuri wangu. Sahihi yangu. Na maneno haya: "Amesaini mbele yangu, nami ninamfahamu."

Jamani... mimi na Mwalimu tulionana mara ya kwanza mwaka jana, alipoingia ofisini kwangu na faili lake kwapani.

Kwa wasioijua kazi yetu: karatasi ya namna hiyo, wakili anatakiwa amwone mtu akisaini kwa macho yake, ndipo agonge mhuri. Kwa Senior zilikuwa zinakuja rundo zima, zimeshasainiwa. "Gonga hizo tuondoke," alikuwa anasema. Nami nagonga. Leseni yangu ilikuwa na miezi mitatu, ningembishia nani? Na kampuni wakati huo ilikuwa na jina jingine. Hata kukumbuka sikukumbuka.

Jaji akavua miwani.

"Wakili, huwezi kuwa wakili na shahidi kwenye kesi moja. Mwenzako ataendelea na mteja. Tunapumzika nusu saa."

Mwenzangu wa ofisini ni fundi wa kuandika mikataba. Mahakamani huwa anakuja kukaa tu.

Mwalimu alichukua ile karatasi, akaisoma yote bila haraka. Kisha akaniangalia.

"Hii ni yako?"

"Ndiyo, mama."

Akanirudishia karatasi. Heri angenizaba kofi.

Senior alinifuata kwenye chumba cha mawakili, akafunga mlango taratibu.

"Mdogo wangu, usihangaike. Sema ulimwona. Dakika tano umemaliza."

"Si kweli."

"Basi sema hukumbuki. Sahihi itajisemea."

"Na nikisema sikumwona?"

"Utakuwa umekiri kwamba ulitoa uthibitisho wa uongo. Leseni kwaheri. Watoto wako bado wanasoma, au?"

"Karatasi uliniletea wewe, Senior."

"Nani aliona?"

Akatoka. Nikabaki nimekodolea macho misumari ya kutundikia majoho.

Nikidanganya, Mwalimu anapoteza shamba. Nikijifanya nimesahau, analipoteza vilevile. Nikisema kweli, napoteza kazi pekee ninayoijua. Kukimbia haiwezekani, hati ya wito karani ameshanikabidhi. Nilijisikia nimefungiwa ndani, na aliyefunga ni mimi mwenyewe. Nikanawa uso kwenye sinki, nikarudi.

Kizimbani, Senior alikuwa mpole ajabu.

"Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Na mhuri?"

"Wangu."

"Maandishi yanasemaje?"

"Kwamba mama huyu amesaini mbele yangu."

"Asante. Sina swali zaidi."

Akakaa!

Ndugu zangu, yule mzee ni hatari. Hakuniuliza kama nilimwona. Aliuliza karatasi inasema nini, nami nikajibu ukweli mtupu, na ukweli huo ulikuwa unammaliza mteja wangu. Shahidi anajibu anachoulizwa, basi.

Mwenzangu akasimama. Akapekua faili mbele, akapekua nyuma.

"Mheshimiwa, mimi... nadhani sina..."

Na hapa ndipo penye aibu yangu kubwa kuliko ile ya mhuri. Nilifurahi. Angekaa tu, ningetoka pale na leseni yangu bila kutamka uongo hata mmoja.

Mwalimu akamvuta joho. Alikusudia kunong'ona, lakini ni mtu aliyezoea madarasa makubwa, mahakama nzima ikasikia.

"Muulize kama aliniona."

Mwenzangu akauliza.

Nilimwangalia jaji, nikaangalia sakafu. Nikamwangalia Mwalimu, naye hakukwepesha macho.

"Sikumwona," nikasema. "Wakati huo hata sikuwa namjua. Karatasi ililetwa mezani kwangu ikiwa na sahihi tayari. Aliyeileta ni wakili aliyetoka kunihoji sasa hivi."

Senior alisimama, akakaa, akasimama tena. Jaji akamwambia atulie.

Miezi miwili baadaye nyongeza ile ikafutwa. Miaka ishirini ikiisha, shamba linarudi kwa wajukuu. Senior naye ana maswali ya kujibu, na safari hii hapangi yeye yaulizwe yapi.

Wiki ya hukumu Mwalimu aliniita nyumbani kwake. Binadamu tunajipenda... nilijua naenda kushukuriwa. Nikavaa nikapendeza, nikabeba na matunda.

Nilimkuta mezani sebuleni, ana karatasi mbele yake.

"Kaa, mwanangu. Ulisema kweli. Nakushukuru kutoka moyoni."

"Nilifanya linalonipasa, mama."

"Ulilifanya ulipoulizwa."

Akanisogezea ile karatasi.

"Hii ni barua kwa kamati ya nidhamu ya mawakili," akasema. "Nakulalamikia wewe."

"Mama... si mimi niliyekutoa kwenye matatizo?"

"Na ni wewe uliyeniingiza. Nimefundisha miaka thelathini na minane. Mtoto akikiri kosa nilimsifu, na adhabu yake aliipata."

Nikayaweka matunda mezani.

Kamati imenisimamisha miaka miwili. Huu ni mwezi wa nne. Mchana niko jikoni na simu, ndiyo maana mnanisoma saa hizi. Nimepiga simu ofisi sita kuomba hata kazi ya kusoma mikataba tu, zote zimeahidi kunipigia.

Mnaosaini saini kila siku, fomu za kazini, dhamana ya shemeji, kikao ambacho hukuhudhuria, nisikilizeni. Jina lako likishakaa chini ya kitu usichokiona, hujui ni nani amelala njaa au amepoteza usingizi kwa ajili yake. Mimi wa kwangu ilinichukua miaka minane kumjua, na alikuwa ameketi pembeni yangu.

Ila kinachonirudia kila siku si kamati. Ni pale sebuleni, niliponyanyuka niondoke zangu.

"Kaa," Mwalimu akasema. "Bado sijaisaini. Leo utaniona."

Akavaa miwani, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja. Nami niliangalia mpaka ya mwisho.