Bei ya Madam Hilda

Kila alipotoka shuleni, Yusta alivua sare, akaitundika kwenye msumari, akajifunga kanga juu ya gauni la nyumbani na kushika kazi katika mgahawa wa mama yake. Mgahawa wenyewe ulikuwa chumba kimoja kando ya barabara ya kwenda Jorodom, mjini Katesh: meza tatu, mabenchi sita na friji ya soda iliyonguruma kama trekta. Saa kumi jioni mama yake, Paskalina, alibeba ndoo na kwenda kupokea maziwa kwa wafugaji wanaotoka Gehandu. Kwa muda wa saa nzima, Yusta wa darasa la sita ndiye aliyekuwa mwenye mgahawa.

Madam Hilda alizoea kuja saa hiyo. Alikuwa fundi wa maji kutoka Ujerumani, mama wa makamo mwenye nywele fupi zenye mvi na buti zisizoisha matope. Shirika moja dogo lilikuwa limemleta kusaidia kutandaza mabomba mapya Jorodom, kwa kuwa ya zamani yalivunjwa na tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang. Kiswahili chake kilikuwa cha kusitasita, lakini hakuacha kukisema.

Siku ya kwanza alikunywa chai ya maziwa na kula chapati moja. Alipomaliza akauliza, "Shilingi ngapi?"

Bei ilikuwa elfu moja. Mkononi mwa Madam Hilda kulikuwa na noti ya elfu mbili. Yusta aliitazama ile noti, na kabla hajafikiri ulimi ukateleza.

"Elfu mbili."

Madam Hilda akampa, akasema asante, akaondoka. Yusta akachungulia mlangoni kama mama anarudi. Elfu moja aliitia kwenye kopo la mauzo. Elfu nyingine ikabaki kiganjani.

Kesho yake alimweleza rafiki yake Belinda, aliyekuwa akiuza ndizi na parachichi mlango wa pili. Belinda akacheka.

"Sasa unaogopa nini? Huyo ni mzungu, ana hela nyingi. Mimi parachichi la mia tatu namwuzia mia sita. Bodaboda wanamtoza mara mbili. Hata kodi ya nyumba, nasikia analipa mara mbili ya wapangaji wengine."

Yusta akapata faraja. Kama wote wanafanya, basi kosa lake ni dogo. Tangu siku hiyo chai na chapati ya Madam Hilda ikawa elfu mbili. Siku za Ijumaa alipowanunulia soda vijana saba wanaochimba mitaro, ndiyo ilikuwa sikukuu ya Yusta. Vijana walikaa nje kivulini na Madam Hilda akaingia ndani kulipa. Soda ya mia nane iliuzwa elfu moja na mia tano.

Baada ya wiki sita Yusta alikwenda mnadani, akajinunulia raba za mtumba zenye soli nene. Alikuwa mkimbiaji wa shule, na mashindano ya wilaya yalikuwa karibu. Mama yake alipouliza, Yusta alisema ameazimwa na mwalimu wa michezo. Madam Hilda naye aliziona.

"Viatu vizuri!" alisema kwa furaha. "Mama amenunua?"

"Ndiyo, madam."

"Kimbia, nione!" Akavua saa yake ya mkononi, akasimama barabarani na kumpimia muda kutoka mgahawani hadi kwenye nguzo ya umeme na kurudi. Alipiga makofi mpaka wapita njia wakacheka. Yusta aliinama kufunga kamba ambazo hazikuwa zimefunguka. Hakutaka kutazamwa usoni.

Kisha Madam Hilda akaacha kuja. Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita. Ijumaa vijana wa mitaro walipita moja kwa moja, majembe begani, bila kuingia. Nyuma yao alikuja mzee Margwe, fundi mkuu wa mabomba. Aliingia peke yake na kukaa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Nipe soda." Akainywa taratibu, akaweka mia nane mezani. "Ni mia nane bado?"

"Ndiyo, fundi."

Mzee Margwe akaisukuma chupa tupu pembeni. "Huyu madam wetu alikuwa anahesabu matumizi yake, akaniambia soda kwa Paskalina ni elfu moja na mia tano. Nikamwambia, hapana, unadanganywa. Unajua alinijibu nini?"

Yusta alitikisa kichwa.

"Alinijibu, 'Wengine labda. Yusta hawezi kunidanganya.' Basi nikanyamaza." Mzee akainuka. "Anaondoka wiki ijayo. Wenzake wa shirika humpa posho ya kuishi kama sisi tunavyoishi, lakini anasema gharama za maisha ya hapa zimemshinda. Siku hizi anakunywa maji anayobeba mwenyewe kwenye chupa na kula kiazi cha baridi pale mtaroni. Na bomba halijafika Jorodom, wala hakuna wa kushika nafasi yake."

Mzee Margwe hakumkemea wala hakumuuliza neno. Ingekuwa afadhali angemkemea. Yusta aliosha glasi zile zile mara tatu. Maneno yale yalimzunguka kichwani kama nyuki: Yusta hawezi kunidanganya. Jioni alikula matonge mawili akasukuma sahani. Aliwakumbuka wanafunzi wenzake wa Jorodom, wanaochelewa kuhesabu namba shuleni kila asubuhi kwa sababu ya kutafuta maji. Akazitazama raba zake pembeni mwa kitanda, akazigeuzia ukutani.

Jumamosi asubuhi mama yake alikuwa akikanda unga wa chapati.

"Mama, nimekosa."

"Umevunja nini?"

"Sijavunja." Akasimulia yote, tangu noti ya kwanza hadi uongo wa raba, bila kumtaja Belinda.

Mama yake aliacha kukanda.

"Kwa hiyo alidanganywa katika mgahawa wangu," alisema. "Nilikuwa nawaambia watu wa jumuiya yetu ya sala kwamba yule dada ameacha kuja kwa maringo. Kumbe tulimfukuza sisi." Akanawa mikono. "Funika unga. Chukua hela zilizobaki na raba hizo. Twende."

Njiani wakapita nyumbani kwa muuza mitumba, akazinunua tena raba kwa bei pungufu. Mama akaongeza kilichopelea. "Hicho utakilipa kwa kuosha vyombo asubuhi kabla ya shule," alisema.

Walimkuta Madam Hilda chumbani kwake, akipanga nguo kwenye begi. Alifurahi kuwaona, akatoa viti. Yusta hakukaa.

"Madam, chai na chapati ni elfu moja. Soda ni mia nane. Nilikudanganya. Na viatu hakuninunulia mama. Nilinunua kwa hela zako." Akaweka fedha mezani kwa mikono miwili. "Naomba unisamehe."

Madam Hilda alikaa kitandani. Uso wake ulianza kuwa mwekundu, kisha ukatulia.

"Nilimwambia Margwe, Yusta hapana," alisema. "Nilimwambia." Akazichukua zile fedha, akazitia kwenye pochi. Hakusema zibaki, wala hakutabasamu. "Leo nimeumia. Lakini umekuja mwenyewe. Hilo nimeliona."

Paskalina akamshika mkono. "Dada, usiondoke kwa sababu ya bei za uongo. Nipe wiki moja."

Wiki hiyo haikuwa rahisi. Mama alimwendea mwenye nyumba wa Madam Hilda, ambaye wanasali naye jumuiya moja, wakazungumza mpaka kodi ikashuka ikawa sawa na ya wapangaji wengine. Siku ya mnada Yusta alitembea na Madam Hilda, kikapu mkononi. Kila muuzaji alipotaja bei ya juu, Yusta alisema kwa heshima, "Shangazi, mimi huwa unaniuzia kwa nusu yake." Wengine walicheka na kushusha. Mmoja alimfokea, "Wewe mtoto, unaniharibia biashara!" Hata Belinda alimnunia siku mbili, kisha akaanza kuuza parachichi mia tatu kwa kila mtu. Naye mama aliandika bei zote kwa chaki kwenye ubao na kuutundika juu ya friji.

Mwisho wa wiki Madam Hilda alipiga hesabu yake upya. Akatoa nguo kwenye begi, akawaandikia wenzake kwamba atabaki mpaka kazi iishe. Miezi miwili baadaye maji yalitoka Jorodom, yakiwa na kutu mwanzoni, kisha yakawa meupe.

Madam Hilda alirudi kunywa chai. Lakini kila mara kabla ya kulipa alimgeukia mzee Margwe, aliyekuwa akija naye, na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Ni sawa?" Mzee alipoitikia, ndipo alipotoa fedha. Jioni moja Yusta aliingia jikoni, macho yamejaa machozi.

"Mama, mbona bado anamuuliza fundi? Si nilirudisha zote?"

Mama yake akapunguza moto, akamvuta karibu.

"Fedha ulizirudisha siku moja, mwanangu, kwa sababu fedha zinahesabika. Imani yake ulikuwa unaichukua kidogo kidogo kwa wiki sita. Nayo itarudi kidogo kidogo. Mgeni anaweza asijue bei ya soda, lakini akishajua kuwa amedanganywa, hasahau haraka. Usimkasirikie. Wewe taja bei ya kweli leo, na kesho, na kesho kutwa. Ukichoka, taja tena."

Yusta alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Akachukua kikombe cha chai ya moto, akakibeba kwa mikono miwili, akatoka kumpelekea mgeni.