Karanga za Upande wa Barabarani

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijapiga honi, Keturah Mabry alikuwa ameshawalisha kuku na kuwabadilishia maji. Jikoni bibi yake, Odessa, alikoroga uji mzito wa mahindi huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Waliishi wawili tu. Babu alikwisha kufa, na mama yake Keturah alifanya kazi bandarini Savannah, akirudi nyumbani Jumamosi.

Ijumaa hiyo Bibi alimwekea siagi kwenye uji, akasema, "Ukitoka shule kaning'olee karanga za kupima. Mashina matatu kila mahali, mahali patano. Anzia barabarani, umalizie bondeni kwenye kijito. Kesho asubuhi mjomba wako analeta mashine, nataka kujua kama zimeiva."

"Ndiyo, Bibi."

Karanga hukulia ardhini, hakuna anayeziona. Ndiyo maana kule kusini mwa jimbo la Georgia watu hukwangua maganda kwanza na kutazama rangi. Ganda jeupe au la manjano bado changa. La kahawia iliyokolea au jeusi limeiva. Mashine ikishapindua mashina, mizizi juu, hakuna wa kuyarudisha.

Alasiri jua lilikuwa kali, na visubi vilimwingia Keturah machoni na masikioni. Alikuwa ameng'oa mashina matatu tu pale barabarani aliposikia anaitwa. Alikuwa Renita, jirani yao, gongo la besiboli begani.

"Wewe Keturah! Tuko wanane, tumepungukiwa mmoja. Au unaogopa mpira wangu?"

"Nikuogope wewe? Bibi kanituma. Mpaka nifike bondeni."

"Bondeni kufanya nini, kusalimia nyoka? Karanga ni karanga, mwenzangu! Shamba si moja? Ng'oa hapo hapo twende."

Keturah alitazama bonde. Lilikuwa mbali, na jua halikuwa na huruma. Akang'oa mashina mengine kumi na mawili pale pale barabarani, akayagawa kwenye ndoo tano na kuandika majina: Barabarani, Kilimani, Katikati, Kwenye Mpekani (ule mti wa kokwa ukingoni mwa bonde), Bondeni. Kisha akakimbilia mchezo.

Jioni yeye na Bibi walikaa barazani wakikwangua maganda kwa visu vidogo na kuyapanga kwenye ubao. Nyeusi, nyeusi, kahawia, nyeusi. Bibi aliinua mzizi wa ndoo ya mwisho, akausugua kwa vidole.

"Hata za bondeni zimeiva hivi?"

"Ndiyo, Bibi." Jibu lilitoka jembamba.

"Haya," Bibi akasema, akaenda kumpigia simu mwanawe, Lamar.

Keturah akafungua daftari. Mwalimu Pruitt alikuwa amewapa kazi ya kuchora ramani ya jimbo lao na kuonyesha watu wa kila sehemu wanaishi kwa kazi gani. Akachora milima ya kaskazini, yenye matofaa na mabanda ya kuku. Chini yake akapaka rangi ya udongo mwekundu. Kusini, kwenye mchanga, akaandika karanga, pamba na pekani. Pwani, bandari ya Savannah. Ilikuwa inapendeza. Mkono wake ulisimama alipofika kwenye mstari kati ya udongo mwekundu na mchanga. Mwalimu alikuwa amesema kuwa udongo ukibadilika, mazao nayo na kazi za watu hubadilika.

Ndipo alipokumbuka mwezi wa tano. Mvua kubwa ilikuwa imeozesha mbegu zote za bondeni, na Bibi akapanda upya wiki tatu baadaye. Karanga za bondeni hazingeweza kuwa nyeusi. Zilikuwa bado watoto! Akafunga daftari.

Asubuhi trekta la Mjomba Lamar liliingia uani likinguruma, mashine nyuma yake. Lamar alikunywa kahawa akiwa wima.

"Mpwa wangu, mbona umejikunyata kama kuku aliyenyeshewa? Leo Bibi anavuna, cheka kidogo!"

Akapanda trekta. Keturah akamkimbilia mbele, mikono juu.

"Mjomba, zima! Zima kwanza!" Injini ikanyamaza. Bibi alikuwa amesimama kwenye ngazi. "Bibi, sikufika bondeni. Zote nilizing'oa barabarani, nikaenda kucheza. Nimekudanganya."

"Mungu wangu!" Lamar akasema. "Watu wanaungama Jumamosi? Kwetu tunangoja Jumapili."

Bibi hakucheka. Alishuka taratibu mpaka alipokuwa Keturah.

"Nilikuwa nakungoja," akasema. "Mizizi ya ndoo zote ilikuwa na mchanga mweupe. Udongo wa bondeni mweusi, unanata kama unga uliokandwa. Nimeulima miaka arobaini. Trekta lingefika kwenye mpekani ningelizuia mwenyewe. Ila nilimwomba Mungu usinifikishe pale."

Keturah akalia. Bibi akamfuta machozi kwa aproni, akampa ndoo. "Sasa nenda. Tope likufike kwenye vifundo vya miguu."

Akaenda. Za bondeni zilikuwa nyeupe na manjano, siku ishirini nyuma ya zile za juu. Lamar akapindua upande wa juu siku hiyo, akaacha bonde lisubiri.

Mchana Bibi alizichemsha zile changa kwa chumvi, na mama yake Keturah akafika zingali moto. Renita naye akaja, akala konzi nzima.

"Mmh! Hizi mmezitoa wapi? Si kama za barabarani."

"Wewe si ulisema karanga ni karanga?" Keturah akamjibu, na baraza zima likacheka.

Bibi aliivuta ramani ya Keturah, akaitazama kwa muda mrefu. "Umeichora vizuri. Watu wa milimani, wa udongo mwekundu na wa mchangani, kila mmoja humwamini mwenzake asiyemwona. Mama yako bandarini hupakia karanga ambazo hakuzipima. Anategemea huku kuna mtu aliyefika mpaka bondeni. Ukitumwa, mwanangu, fika. Na kama hukufika, sema mapema, injini ikiwa bado imezimwa."

"Nitafika, Bibi," Keturah akasema, akamsogezea bakuli.